Mji Unaoyeyusha Chumvi

Kwa kupitia Duka la Ushirika,
Chanika,
Handeni.
19 Oktoba, 1975.

Mpendwa kaka Muhidini,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe na wifi Shida na watoto mko salama huko Tabora, na lile goti lako lililovimba wakati wa mfungo limepungua. Kama halijapungua acha ubishi, nenda hospitali. Sisi huku ni wazima wa kusukuma siku. Mama hajambo kabisa, anakula na kugomba, na siku akiacha kugomba ndipo nitakuandikia kwamba anaumwa. Asiye mzima ni shemeji yako Rehani, na yeye ndiye sababu ya barua hii kuwa ndefu.

Kwanza usishangae mwandiko. Zamani barua zangu alikuwa akiniandikia Rehani, nami nikimficha nusu ya mambo kwa aibu. Hii naandika mwenyewe. Mwezi wa nane tulifanya mtihani wa kisomo hapa kijijini, nikafaulu, na katika nyumba zetu kumi aliyefaulu ni mimi peke yangu. Wengine walikimbilia mashambani siku ya mtihani kana kwamba wameitwa kuchanjwa. Nilicheka sana siku ile. Sasa sicheki tena, na utaona kwa nini.

Uliandika kwamba mwezi wa tatu unastaafu reli, na kwamba tukuchagulie mji wa pwani ambao sote tutahamia, wewe, sisi na Mama, tujenge uwanja mmoja kama zamani. Ukasema niandike jina la mji tu, mengine utafanya wewe. Kaka, wewe umezoea garimoshi, unafikiri kila safari ina reli yake. Jina la mji ninalo, kilichobaki ni kutoka hapa tulipo.

Hali ya Rehani unaijua kwa kusikia tu. Miaka kumi na tisa katika chumba cha brashi, wanakosugulia nyuzi kule shamba la katani, vumbi lile jeupe lilimwingia kifuani likakaa. Kule bondeni kwetu alikuwa anapata nafuu kwa sababu ya miti na umande. Tangu mwaka jana tulipohamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara, na malori ya unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, yanapita mchana kutwa. Vumbi la Handeni unalijua. Mwenzangu halali chali, anaegemea ukuta na mto mgongoni, na akitaka kusema jambo refu hulikata mara tatu. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba mtu huyu aondolewe penye vumbi, apelekwe penye hewa ya unyevunyevu, na asisubiri kiangazi cha pili.

Basi mwezi wa saba tukapewa ruhusa ya siku kumi na nne kwa ajili ya hospitali ya Tanga, na tukaifanya kuwa safari ya kuchagua mji. Mama alipata habari akanifungia kitambaa chenye chumvi na mahindi ya mbegu, kama alivyofanya Baba alipokuwa anatafuta shamba. Unakumbuka desturi hiyo. Unalala siku tatu mahali papya, kitambaa kimetundikwa humo ndani. Chumvi ikibaki kavu na mahindi yakibaki na mlio, pale panafaa kwa kuweka chakula. Chumvi ikitota, mkulima afunge virago.

Tanga tulikaa siku nne. Mji mzuri, una taa na maji ya bomba, na watu wa kwetu wamejaa. Lakini Rehani alitaka kuiona bandari, na pale bandarini marobota ya katani yalikuwa yanapakiwa melini. Alikohoa hadi akaketi chini. Tukajua Tanga si yetu, maana alichokikimbia kimemtangulia.

Bagamoyo uliyoisifia wewe sikuiona. Umeisifia kwa sababu rafiki yako wa kituoni amekwambia samaki ni wengi, na mimi mtu anayechagua makazi kwa tumbo simwamini. Ni mbali, hatuna ndugu, basi.

Pangani tulifikia kwa Bi Mashavu, shangazi yake Rehani. Nilikitundika kitambaa cha Mama juu ya mlango. Siku ya pili kilikuwa kinadondosha. Siku ya tatu chumvi yote imeyeyuka, mahindi yameota ukungu wa kijani, na hata viberiti vya Bi Mashavu vilikuwa haviwaki mpaka avianike kidogo juani. Nguo nilizofua hazikukauka hadi tunaondoka. Nikajisemea, Mama angeyaona haya angenivuta mkono tuondoke siku hiyo hiyo.

Lakini asubuhi ile ya tatu niliamka nikamkuta Rehani amelala chali. Chali, kaka, kama mtoto, mdomo wazi, jua limeshapanda. Niliweka mkono juu ya kifua chake nikadhani amekufa. Alikuwa anapumua tu, bila mlio. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la watu. Nikaona kwamba mji unaotufaa ni ule ambao Baba angeukataa. Nilikikamua kitambaa nikakiweka mfukoni.

Tulirudi tukiwa tumekata shauri. Kutoka kijijini, kama unavyojua, hakuna kutoka bila barua. Balozi wa nyumba kumi anaandika, mwenyekiti anagonga muhuri, halafu ndipo unapanda basi. Usipokuwa nayo unarudishwa pale Korogwe ukiwa na mizigo yako kichwani, kama walivyorudishwa wengi.

Sasa nikueleze ujinga wangu, na usinisimange. Balozi wetu wa zamani alifariki mwezi wa tano, na watu walikuwa wanatafuta mwingine. Kabla ya safari ile nilizunguka nyumba zote tisa, jiko kwa jiko, nikawapigia debe wanawake wenzangu wamchague Rehani. Nilisema ni mtu mpole, anajua kusoma, ana busara. Yote ni kweli. Lakini moyoni nilikuwa na hesabu yangu, kwamba anayewaandikia wengine barua za kuondoka hatashindwa kujiandikia yake. Wakamchagua kwa shangwe. Nilipika mbaazi siku ile, nikajiona mjanja kuliko sungura.

Tuliporudi kutoka Pangani, Rehani akaandika barua yake mwenyewe kwa mwandiko mzuri, akaipeleka kwa mwenyekiti, Mzee Semboja. Mzee aliisoma akairudisha mezani. Akasema kwa upole kwamba balozi hajiandikii ruhusa, na haachi nyumba zake mpaka apatikane mtu wa kushika daftari, na mtu huyo lazima ajue kusoma na kuandika. Wahenga walisema mchimba shimo huingia mwenyewe. Mimi nililichimba nikamtumbukiza mume wangu.

Si hilo tu. Serikali sasa inaandikisha vijiji, na kijiji lazima kiwe na kaya zisizopungua mia mbili na hamsini. Sisi tuko mia mbili na hamsini kamili, hakuna hata moja ya kuchezea. Ikiondoka moja hatuandikishwi, na shule tuliyoahidiwa na bomba la maji vitakwenda kwa wenzetu. Mzee Semboja si mtu mbaya, kaka. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Ana wajukuu wanaokunywa maji ya kisima kile kile cha matope tunachokunywa sisi, na kila wiki mabwana wa wilayani wanamjia kuhesabu nyumba.

Nilikwenda kwake mara tano. Mara ya mwisho nilikwenda na Mama, akakaa kwenye kigoda kimya, jambo ambalo halijapata kutokea. Nilimweleza mzee habari za kifua mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Bi Hamisa, mtu anaweza kuondoka. Kaya haiondoki."

Nikamuuliza kaya ni nini basi, kama mwenye nyumba hayupo.

Akasema, "Kaya ni moto unaowaka jikoni. Na daftari la nyumba kumi lazima liwe na mshikaji. Wewe umefaulu kisomo."

Mama alielewa kabla yangu. Alisimama, akajifunga kanga, akatoka bila kuaga.

Ndivyo ilivyo. Ijumaa iliyopita wale wenzangu tisa walikutana, Rehani akakabidhi daftari kwa sababu ya ugonjwa, nami nikachaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi. Wanawake walipiga vigelegele. Nilicheka nao. Hapa nilipo ni kama kuku aliyefungwa mguu, anaona uwanja wote lakini kamba ina urefu wake.

Barua ya kwanza niliyoandika katika kazi hiyo ni ya mume wangu. Nilichana karatasi mbili kabla ya kuimaliza. Nimeandika kwamba Ndugu Rehani, mkazi wa kijiji hiki, anaruhusiwa kuhamia Pangani kwa sababu za afya, na kwamba kaya yake inabaki. Mzee Semboja akagonga muhuri. Alitazama chini alipokuwa anagonga.

Rehani anaamini nitamfuata na watoto tukishavuna vuli. Nilimwambia hivyo. Ameshanunua misumari, ameifunga katika gunia, anasema atatangulia kujenga chumba na jiko, na jiko atalielekeza upande wa upepo ili moshi usinisumbue mimi. Mtu anakosa pumzi ya kufika kisimani, lakini anayo ya kupanga jiko langu. Akijua kwamba siwezi kufuata ataichana ile barua, namjua. Atakaa hapa aegemee ukuta mpaka mwisho wake. Mimi sitaki kuwa mjane wa mtu mwaminifu. Nataka mume aliye hai, hata kama yuko mbali.

Kwa hiyo kaka, nina ombi moja, na sijawahi kukuomba jambo zito kama hili. Usingoje mwezi wa tatu. Omba likizo, tumia pasi yako ya reli, uje mpaka Korogwe mwezi ujao. Nitamleta mwenyewe kwa basi la asubuhi, tukutane kituoni. Mtaondoka pamoja. Ukishastaafu ukae naye Pangani, maana mtu wa kifua hafai kuachiwa kizee kama Bi Mashavu. Mama amekataa kwenda. Anasema hawezi kuishi mahali mbegu inapoota ukungu, lakini najua anabaki kwa ajili yangu, na ninamwacha anidanganye.

Na wewe ndiwe utakayemwambia ukweli. Usimwambie Korogwe, atashuka. Usimwambie Muheza, pale basi linasimama muda mrefu na wauza machungwa ni wengi, anaweza kupotea kati yao akarudi. Mwambie mkishaipita Muheza, njia ya kushuka baharini, hewa ikianza kuwa nzito. Mwambie polepole, mshike mkono. Mwambie si kwamba sitaki. Mwambie Hamisa anasema jiko alijenge tu.

Huenda mambo yakabadilika. Mzee Semboja anasema ikija kaya nyingine kuhamia hapa, ya kwetu itaweza kutoka. Kila lori likisimama barabarani natoka nje kutazama kama lina watu na magodoro. Mpaka leo yanashusha unga tu.

Kitambaa cha Mama bado ninacho. Maji yale ya chumvi yalikauka siku ya pili tuliporudi, yakaacha weupe mgumu kwenye uzi. Nilimwonyesha Mama, akasema hapa ni pazuri kwa mbegu.

Nisalimie sana wifi Shida, mwambie kitenge alichonipa ndicho nilichovaa siku ya kuchaguliwa. Msalimie mwanao Afisa, asome kwa bidii, asije akajifunza kuandika ukubwani kama shangazi yake. Jirani yenu Mzee Simeo mwambie dawa ya mizizi aliyotuma ilifika, Rehani aliinywa akasema afadhali kikohozi. Mama anakusalimu, na anasema ukija usije mikono mitupu, ulete asali ya Tabora. Watoto wote wanakuamkia shikamoo.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, akufikishe Korogwe kabla ya kiangazi, na hao ninaokukabidhi, mtu mmoja na gunia la misumari, awafikishe salama penye unyevu.

Mji tumeuchagua, kaka. Ni Pangani. Barua za kwenda huko naandika mimi, kwa nyumba zote kumi isipokuwa ya kwangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Hamisa,
Balozi wa Nyumba Kumi.