Betri za Juani

Kwako mdogo wangu Sosthenes,

Kamwene. Anayekuandikia ni kaka yako Kalinga, mwenye miaka themanini kasoro miwili, niliyeishinda ndui, njaa, kubebwa na lori tukamwagwa porini tuanze kijiji kipya, wenyeviti wa kijiji saba, na daktari mmoja aliyesema sitauona mwaka mwingine. Yeye mwenyewe nasikia wameshamzika kule mjini, Mlandege. Mimi nipo.

Habari za Chunya na vumbi lenu? Shemeji hajambo? Na Ezron, bado analinda kule kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu? Sisi huku Ilula tunapumua, ila baridi ya mwezi huu inauma hata mbuzi, na nyanya zinaoza barabarani maana mabasi hayasimami kama zamani. Mwandiko usiucheke. Ni wa darasa la nne, lakini la nne la enzi zile, sekondari ya siku hizi hailifikii.

Nakuandikia habari ya bunduki na betri. Unajua bunduki ya kijiji nilikabidhiwa mimi tangu mtendaji wa kwanza, kwa sababu hapa hapakuwa na mkono mwingine. Nguruwe pori wakishuka kwenye mahindi jioni na ukungu umeingia, huoni hata kidole chako, kwa hiyo nilifunga tochi kubwa ya betri tatu chini ya mtutu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mwaka juzi Ezron alipokuja aliiangalia akacheka. Akasema baba mkubwa, hii tochi siyo ya bunduki, bunduki ikipiga teke betri nzito zinarudi nyuma, zinaminya springi, taa inazimika pale pale unapoitaka. Akatoa yake, ndogo kama kidole gumba, ya betri za lithiamu. Akanifundisha kama mtoto wa vidudu. Zile za kuchaji ni za mtu anayekaa karibu na umeme, ukisahau kuchaji umekwisha. Zile zisizochajiwa zinakaa miaka kabatini na baridi haiziui, hizo ndizo za mtu wa kulinda shamba. Ila, akasema, usizianike juani wala usiziweke karibu na moto, zitalipuka.

Hapo ndipo aliponiudhi mwanao. Nikamuuliza betri isiyovumilia jua ni betri au ni bibi harusi. Nikamrudishia tochi yake, nikamwambia ile ni ya kutafutia kandambili chini ya kitanda. Lea shemeji yako alinisihi, Baba Amos pokea, mtoto ametoka nayo mbali. Nikamwambia mambo ya bunduki ayaache, yeye auze nyanya.

Maana mimi nilikuwa na elimu yangu, unaijua. Betri zikichoka nazitoa asubuhi, nazipanga kwenye ungo juu ya paa la banda la mbuzi zinywe jua, kisha nalala maana nimekesha. Jioni nazirudisha, na tochi inawaka kama lori la mafuta linalopanda mlima Kitonga. Msimu mzima nilikuwa na betri zile zile. Watu walikuja kujifunza. Jirani yangu Sedekia alianika zake zikatoa maji na kutu, nikamwambia betri zinamjua mwenye mkono. Akaondoka na ungo wake, kila mtu akicheka.

Lea alipofariki baada ya Pasaka, mlikuja mkatuzikia, asanteni. Tangu hapo betri zikaanza ujeuri. Nazianika, jioni mwanga ni mwekundu kama jicho la mlevi wa ulanzi. Nazianika siku mbili, ni vile vile. Nikasema hapa hakuna zaidi ya Matano. Matano ndiye mwenye duka pale njia panda, betri zote ninanunua kwake. Nikajua ameanza kuleta feki.

Sasa sikiliza. Jioni moja kabla ya kuvuna, nguruwe dume akaingia shambani. Sedekia alikuwa upande wa juu akipiga kelele kumteremsha kwangu. Nikamulika na kale kamwanga, nikamwona bega tu, nikapiga. Bunduki ikapiga teke, tochi ikazimika, kama Ezron alivyosema. Nikaitikisa, nikaipigapiga gotini, wapi. Nguruwe alikuwa amejeruhiwa tu. Alirudi juu alikotoka, akamkuta Sedekia, akampasua paja mpaka mfupa ukaonekana. Nilimsikia, Sosthenes. Nilikuwa na bunduki mkononi na sikuona pa kupiga.

Hajafa, lakini ule mguu hautalima tena. Kijiji kikaitana. Mtendaji akanipokonya bunduki mbele ya watu akampa Jofrey, kijana niliyekuwa namfuta kamasi juzi. Mimi nikasimama nikasema kosa si langu, kosa ni la Matano anayetuuzia betri za uongo. Nikasema mtu wa pwani hana uchungu na damu yetu, japokuwa najua, na wewe unajua, baba yake alizaliwa hapo hapo Mlandege. Matano aliangalia chini akasema Mungu anajua. Nikamjibu kwamba hilo ndilo jibu la mwizi. Tangu siku ile watu wanapita mlangoni kwake kama hawamwoni, wanakwenda kununua chumvi mbali.

Alhamisi akaja mkewe, Mwanakhamisi. Akasema shikamoo mzee Kalinga, ingawa leo inanitoka kwa shida. Sikumkaribisha kiti. Akasema mumewe alikula yamini kwa Lea, lakini yeye hakula yamini yoyote, na wanawe wanataka kula. Akaniuliza jua gani lile, mzee. Akasema wewe ukilala mchana, mkeo alikuwa anakuja dukani na kikapu chake cha nyanya, anachukua betri tatu mpya, anazisugua majivu zionekane zimechoka, anazipanga kwenye ungo wako. Za zamani anaondoka nazo. Miaka nenda rudi. Akasema Matano aliwahi kumuuliza kwa nini hamwambii mzee, na Lea akajibu kwamba yule ukimwambia ataenda na zilizokufa makusudi, na mimi namtaka arudi nyumbani.

Nikamwita mwongo, nikamwonyesha njia.

Kisha nikapanda dari la jikoni, ambako Lea peke yake ndiye alikuwa anapanda. Nyuma ya mahindi ya mbegu kuna debe. Limejaa betri, Sosthenes, zimevuja, zimeota weupe, zimegandana kama matofali. Juu kabisa kuna kitambaa cha kanga yake, kimefungwa fundo. Ndani yake betri tatu mpya, zimeshasuguliwa majivu. Nimezitia kwenye tochi. Zimewaka.

Nina hasira naye. Nalala na hasira, naamka nayo. Siku zote nimetembea kifua mbele kwa kazi ya mtu mwingine, na mtu mwenyewe alikuwa ananipakulia ugali huku ananisikiliza ninavyojisifu, wala hakucheka. Angenicheka mara moja tu, Sedekia angekuwa analima.

Mwambie Ezron ile tochi na betri zile zisizochajiwa ampelekee Jofrey. Amweleze yeye mwenyewe namna ya kuzitunza, maana Jofrey akisikia zimetoka kwangu atazianika.

Jumamosi kuna mkutano wa kijiji. Nimeanza kwa kukuandikia wewe kwa sababu uko Chunya na kicheko chako hakifiki hapa. Wao nitawabebea debe. Nimejaribu kulinyanyua, ni zito, lakini Amos akitaka kunisaidia nitamkatalia. Nitalishusha mbele ya Matano.

Nisalimie nyumba yote, na wajukuu walioanza shule uwaambie babu yao mkubwa bado anaandika mwenyewe.

Usipoyaamini haya, muulize Matano, usipomwamini Matano muulize Mwanakhamisi, na Sedekia atakuonyesha mguu. Aliyekuwa anayajua yote tangu mwanzo yuko nyuma ya kanisa, mlipomweka, na yeye hakuwahi kumwambia mtu.

Ni mimi kaka yako,
Kalinga