Sikio la Kushoto

Mama, shikamoo. Msamehe huyo simba wa picha upande wa pili wa kadi hii. Duka la watalii pale Karatu halikuwa na kadi ya ng'ombe. Huku Piyaya upepo unatia vumbi hadi kwenye chai, lakini watoto wamenipokea vizuri.

Jana nilifundisha darasa la tatu maumbo yenye pande mbili zinazolingana. Walikunja karatasi, wakachora nusu ya uso wa ng'ombe kwa rangi mbichi, wakaibana. Walipoikunjua, nusu ya pili ilikuwa imejichapa, darasa zima likapiga kelele. Kisha binti mmoja, Naserian, akachukua mkasi akakata ncha ya sikio la kushoto.

"Umeharibu," nikamwambia. "Sasa pande hazilingani."

Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, ng'ombe wetu wote wamekatwa hivi. Asipokuwa na alama, akipotea watu watajuaje pa kumrudisha?"

Nikampa vema, nikatoka nje kidogo, maana nilikukumbuka wewe. Tangu uugue na mdomo kuvutika upande mmoja, ukiona simu tu unajifunika kanga.

Kunywa dawa, Mama, na maji achote Neema. Mwambie huyo mjukuu wako akupige picha leo, ukitazama mbele, bila kanga, anitumie kwa simu. Nikipanda kilimani mtandao unashika. Nataka nikute uso wako hapo, huohuo nitakaoufuata nikirudi nyumbani.

Paskalina wako