Ukurasa wa Saba wa Mfalme Aliyezama

Jumatatu, 2 Aprili 1962. Ambanoro.

Nimetoboa karatasi mbili tangu asubuhi. Kitambaa cha meza cha Madamu mmoja, na mapazia ya bi harusi wa mjini Hell-Ville. Sindano inatoboa mstari wa ua, tundu baada ya tundu. Kisha unga wa buluu unausugua juu ya karatasi, na ua linabaki kwenye kitambaa. Wanawake wanachukua, wanadarizi, wanakata. Sifa zote huenda kwa wenye mkasi. Mchoraji hana jina.

Baada ya kula nimerudi kwenye katuni yangu. Kurasa sita zimekwisha. Mahajanga ya mwaka 2060. Maghorofa kitongojini Amborovy mpaka mawinguni, magari yanapaa, daktari ni mashine, na hakuna tena anayeiomba mizimu chochote. Ukurasa wa sita umeme unakatika mji mzima na mfalme aliyezama zamani anatoka baharini, amelowa, ana hasira. Uchawi umerudi. Ukurasa wa saba sina. Mtu wa kwanza kumpigia magoti ni nani, na anataka nini? Nimechora tajiri. Upuuzi. Nimechora mgonjwa, amefanana na mgonjwa wa tangazo la dawa.

Binamu yangu Saidi anangoja Mahajanga na mashine yake ya kuchapa kwa stensili. Barua yake moja ina neno "harakisha" mara tatu. Rahisi kwake. Yeye anazungusha mkono wa mashine tu.

Daftari hili naandika kwa Kiswahili alichonifundisha bibi pamoja na Kurani. Tangu afariki hakuna mwingine nyumbani anayekisoma. Ndivyo nipendavyo.

Jumamosi, 7 Aprili.

Leo alasiri Mama amepandisha tromba, mzimu wake. Ni mfalme wa kale, alikufa majini. Ndiye niliyemwazima katika katuni, na Mama anajua, hajasema kitu. Mfalme akishuka Mama hayupo, ni yeye anayekaa kitini, anayeomba sigara, anayesema maneno ya zamani ambayo wateja hawayaelewi. Nayafasiri mimi.

Wateja watatu. Wa kwanza kikohozi cha mtoto, wa pili mume mlevi. Wa tatu Zaliha, mke wa Bakari anayefanya kazi bandarini Mahajanga. Alingoja wenzake watoke. Mtoto wake alikuwa mgongoni, amelala.

Alisema, "Mfalme, mbadilishie mwanangu uso. Mpe uso wa Bakari kabla Bakari hajarudi."

Nikafasiri. Mfalme alicheka kwanza, kisha akamtazama mtoto. Akataka udongo mweupe, akampaka mtoto kipajini. Binti ana mwaka na nusu. Nimemtazama vizuri. Hana cha Bakari hata ukucha.

Mama alipozinduka aliniuliza, kama siku zote, mfalme kasema nini. Yeye hakumbuki kamwe. Mimi humweleza ya mfalme. Ya wateja hubaki kwangu. Ndiyo sheria ya kazi yetu na miaka tisa sijaivunja.

Siwezi kumtoa Zaliha kichwani. Si huruma. Ni kwamba ombi lake ni zuri mno.

Jumatano, 11 Aprili.

Nimelitumia.

Mwanamke wa mwaka 2060 anakaa ghorofa ya arobaini. Nywele fupi, nguo za fedha. Mashine zote za mji zimezimika, naye anashuka ngazi zote na mtoto wake mpaka ufukweni, anapiga magoti kwenye maji, anaomba mtoto abadilishwe uso ufanane na wa mume. Maneno ya Zaliha, neno kwa neno. Nilijaribu kuyabadili, yakafa.

Nimejiambia huyu si Zaliha. Nimejiambia Ambanoro hakuna asomaye katuni na hii itauzwa Mahajanga. Bakari nilimkumbuka. Niandike ukweli hapa angalau. Nilimkumbuka, nikasema Mahajanga ni kubwa.

Stensili haina kufuta. Kalamu ya chuma ikishapita kwenye nta, imepita. Fremu ya mwisho, amerudi nyumbani akiyarudia maneno yale, ilibaki na dirisha kubwa tupu, baya. Nikalijaza harakaharaka, mkono umechoka, meli ya barua inaondoka kesho. Nimefunga bahasha bila kuangalia tena.

Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nina furaha na hofu pamoja.

Jumapili, 13 Mei.

Barua ya Saidi. Katuni imetoka, Kimalagasi juu na Kifaransa chini. Imekwisha, amechapa tena. Inasomwa sokoni, kwa vinyozi, bandarini. Ukurasa wa saba wanausoma kwa sauti. Mwanamke mmoja alilia dukani kwake. Anataka niende na toleo la pili mkononi, tuzungumze.

Nimeisoma barua mara nne. Hatimaye nimefanya kitu kisichotandikwa mezani chini ya sahani za watu.

"Bandarini" nimeiona. Nimeipita.

Jumatatu, 4 Juni. Mahajanga.

Nimefika asubuhi, miguu bado inayumba. Karakana ya Saidi ni chumba kimoja, wino mpaka kwenye dari. Alinipa nakala kabla hata ya chai. Mara yangu ya kwanza kuiona imechapwa.

Ukurasa wa saba, fremu ya mwisho. Dirishani kuna pazia. Maua ya langilangi yameinama, na katikati ndege anatazama nyuma.

Ni pazia la Zaliha.

Nilimchorea mimi, miaka minne iliyopita, alipoolewa. Kwetu bi harusi ana nakshi yake peke yake. Mchoraji hairudii kwa mwingine, na karatasi iliyotobolewa anapewa bi harusi mwenyewe, ili dirisha lake lisifanane na la mtu. Yule ndege alimtaka Zaliha, nikamcheka, akashikilia. Karatasi nilimpa. Mkono ulibaki nayo. Nilipochoka ulichora ulichokijua.

Maneno yake na pazia lake, fremu moja. Ni afadhali ningeandika jina.

Nilimwambia Saidi achome zilizobaki. Akaniuliza kwa nini. Sikuweza kumweleza bila kumtaja Zaliha mara ya pili. Akasema nimechoka na safari. Mashine ikaendelea.

Jumanne, 5 Juni.

Amekuja.

Nilikuwa nimekaa karakanani napanga karatasi ili nisifikiri. Bakari aliingia na nguo za kazi, vumbi la magunia mabegani. Alinisalimu kwa adabu. Akaulizia afya ya Mama. Akaulizia bei ya samaki huko nyumbani. Ni mtu mpole, ndilo jambo baya. Kisha akatoa ukurasa mfukoni mwa shati, umekunjwa mara nne, akaukunjua mezani na kuulaza kwa viganja viwili.

"Dada, hili ni pazia la chumbani kwangu."

Nikasema ndiyo, ni mazoea ya mkono, nakshi nimechora nyingi, zinachanganyika. Hilo lilinitoka vizuri.

"Sawa. Na maneno haya? Umeyatunga, au umeyasikia?"

Neno moja. Nimeyatunga. Mimi ninayetunga magari yanayopaa na wafalme wanaotoka majini, nilitakiwa kutunga neno moja. Sikuweza. Nilitazama mkono wa mashine ukizunguka. Niliona kipaji cha yule mtoto na udongo mweupe. Nilipofumbua mdomo na kusema nimeyatunga, kaka, yote nimeyatunga, alikuwa tayari anakunja ukurasa kwa mikunjo yake ileile.

"Ahsante," akasema. "Umeshanijibu."

Akamuaga na Saidi.

Jumatano, 6 Juni.

Bakari amepanda meli ya leo. Nimeambiwa na wenzake bandarini. Meli nyingine ni wiki ijayo.

Nilikimbilia posta kupeleka simu ya maandishi. Karani anasoma kila neno kwa sauti akihesabu, na watu wamepanga foleni. Ningeandika nini? Zaliha, ondoka? Zaliha, mumeo anajua? Na Hell-Ville karani mwingine angeisoma, kisha mpeleka simu, kisha Ambanoro nzima kabla yake. Nikarudisha fomu tupu.

Ningeweza kuandika "Bakari mgonjwa, njoo Mahajanga mara moja." Uongo wowote. Limenijia sasa hivi, posta imefungwa. Hadithi hunijia siku zote. Leo ilichelewa.

Jumamosi, 9 Juni.

Bado Mahajanga. Saidi amepata karatasi zaidi. Anazungumza, simsikii. Siwezi kula.

Alhamisi, 14 Juni. Ambanoro.

Yameshakwisha. Nimepewa habari gatini kabla sijashusha mzigo.

Bakari alifika Ijumaa. Hakumpiga mkewe, hakupaza sauti. Alimpakata mtoto tangu alasiri mpaka magharibi, akimtazama uso. Kesho yake aliita mashahidi wawili akatoa talaka. Nyumba ni ya mama yake Bakari, na mama huyo hakungoja eda wala nini. Vitu vya Zaliha viliwekwa barazani. Pazia mama mkwe aliliteremsha mwenyewe akalitundika kwenye ua wa nje, upande wa njia. Aliyekuwa hajaiona katuni akaonyeshwa ukurasa aliokuja nao Bakari, akasimama akilinganisha.

Pazia bado lipo. Nimelipita. Sikulitoa. Watu walikuwa wananitazama mimi.

Ijumaa, 15 Juni.

Nimekwenda kwa shangazi yake Zaliha. Zaliha alikuwa anafunga mzigo, anavuka kwenda Ankify, ng'ambo ya maji, leo hii. Huko hana mtu. Shangazi amesema hawezi kuwaweka, naye ana mabinti wa kuozesha.

Nilitayarisha maneno njia nzima. Nilisema nisamehe, nilibadilisha kila kitu, sikukusudia pazia. Nilisikia nilivyosema: pazia. Kana kwamba bila pazia ingekuwa halali.

Hakulia. Hakunitukana. Alikuwa anakaza fundo la leso kwa meno. Alipolimaliza akasema, "Nilimwambia mfalme. Sikukwambia wewe."

Basi. Akambeba mtoto. Mtoto alinichekea, ananijua, hunivuta nywele wakija kwetu. Nilijitolea kubeba mzigo mpaka kwenye mashua. Zaliha alitikisa kichwa, akaubeba mwenyewe, mtoto mgongoni na mzigo kichwani, na njia nzima watu walisimama milangoni.

Najichukia. Neno hilo naliandika wazi maana hakuna wa kulisoma.

Jumanne, 26 Juni.

Bendera Hell-Ville. Miaka miwili ya uhuru. Hotuba, gwaride la wanafunzi, mheshimiwa mmoja anazungumzia kesho. Nimesikia vipande vyake kwa mbali, tumebaki nyumbani.

Hakuna mteja hata mmoja tangu nirudi. Kiti cha mfalme kina vumbi. Leo Mama alilifuta kwa upindo wa leso yake. Nilingoja anikemee. Nimengoja siku kumi na mbili. Nikamwomba anikemee.

Alisema, "Mimi sikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Akaendelea kufuta.

Saidi ameandika. Wasomaji wanauliza kama mfalme alikubali, kama uso wa mtoto umebadilika. Wanabishana. Wapo walioweka dau. Anataka ukurasa wa nane. Toleo la pili nililokwenda nalo limebaki mkobani, linahusu mambo mengine kabisa, magari na vita, na kila sura ya mwanamke humo naiona ya Zaliha.

Siri zangu nimezifungia katika lugha isiyosomwa na mtu. Ya kwake nimeichapa kwa lugha mbili.

Alhamisi, 5 Julai.

Nimemwandikia Saidi asichape tena na asiniandikie. Habari za Ankify: mvuvi mmoja amemwona Zaliha akisuka makuti kwa watu. Mwingine anasema hapana, amekwenda mbali zaidi, bara. Mtoto hajatajwa na yeyote. Niliuliza. Waliniangalia, wakazungumza mambo mengine.

Jumapili, 15 Julai.

Amekuja mteja. Mwanamke wa makamo, mgeni kwetu, ametoka upande wa pili wa kisiwa. Amevaa nguo za msiba. Mama alimkaribisha, nikatandika mkeka, nikachukua nafasi yangu kando ya kiti.

Mgeni alimnong'oneza Mama. Mama akanitazama. Nikanyanyuka, nikaenda jikoni.

Ukuta ni wa miti, unasikia kila kitu. Nilimsikia mgeni akiulizia mwanawe, baharia, miezi mingi hana barua. Nilimsikia mfalme akishuka, kikohozi chake, sauti yake. Akasema kwa maneno yake ya zamani kwamba kijana yu hai, yuko nchi ya baridi, asiombolezewe, mama yake avue nguo za msiba.

Mgeni akasema, "Simwelewi. Anasema nini?"

Mfalme akarudia. Mgeni akaanza kulia. Akarudia tena, kwa upole, kama anavyomsemesha mtoto. Kila neno nililielewa. Nilisogea mpaka mlangoni, mkono kwenye pazia la jikoni. Hakuniita. Nikarudi kukaa kwenye kibao cha nazi.

Aliondoka na nguo zake za msiba. Nilimwona kwa kitundu cha ukuta akifuta macho, akitafuta viatu vyake.

Mama alizinduka peke yake. Akaja jikoni, amechoka, nywele zimefumuka. Hakuniuliza mfalme kasema nini. Akafunua chungu, akapakua wali sahani mbili, tukala.