Jina la Selestini

Ujerumani, 12 Oktoba 1995

Mama yangu,
Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi inaniuma mifupa. Mguu wako umepona?

Kwenye picha za darubini yetu kazini nimeona asteroidi, jiwe kubwa kama mlima linalozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Hakuna aliyeliona kabla yangu. Itatubidi tulifuatilie miaka kadhaa. Njia yake ikishajulikana barabara, nitaruhusiwa kupendekeza jina. Nataka liitwe Winfrida, kama wewe.

Msalimie kaka Gaudensi.
Mwanao, Asnath

Kidahwe, 3 Juni 1996

Mwanangu,
Marahaba. Mguu umepona. Barua zako zilifika, nilishindwa kujibu.

Tangu uondoke, mkimbizi mmoja wa Burundi, Selestini, alikuwa ananisaidia kulima mihogo. Mwezi wa pili majambazi waliteka gari barabara ya Kasulu, wakampiga risasi mwalimu Feliksi. Vijana wa hapa wakasema waliofanya hivyo ni wakimbizi tu. Wakamfuata Selestini shambani kwangu.

Nikawaambia, "Huyu usiku ule alilala kwangu na homa. Uji nimempikia mwenyewe."

Wakanisukuma nikaanguka. Wakamkatakata kwa mapanga. Aliniita mama mpaka sauti ikakatika. Panga la kwanza lilikuwa la kaka yako.

Jina langu acha. Weka la Selestini.
Mama yako

Ujerumani, 20 Julai 1996

Mama,
Shikamoo. Pole sana. Lakini Gaudensi ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua. Jina hilo likitoka, watu watauliza. Tafadhali, chagua jingine.
Mwanao

Ujerumani, 9 Februari 2000

Mama,
Shikamoo. Mwaka wa nne huu hujaniandikia. Sijui hata kama u mzima.

Njia ya lile jiwe imethibitishwa na jina limekubaliwa: Selestini, kama ulivyotaka. Nimeandika kwamba alikuwa mkulima, mkimbizi, na aliuawa Kidahwe bila kosa.
Mwanao

Buzebazeba, 2 Mei 2000

Mwanangu,
Marahaba. Nipo, nimepungukiwa jino moja.

Barua yako niliisoma kwa sauti Gaudensi akila. Akanipiga ngumi ya mdomo. Kulipokucha nikaenda polisi nikasema yote. Wamemchukua yeye na wenzake wawili. Jamaa zao wakaichoma nyumba yangu, sasa niko kwa mama yako mdogo Brigita.

Juzi nilikwenda kambini kwa mama yake Selestini, nikamweleza habari za jiwe. Akaniuliza, "Huko liliko, kuna mtu anayeweza kulifikia?"

Nikamwambia hakuna.

Akasema, "Basi huko hawamuwezi."
Mama yako