Mabomba ya Rafu ya Chini

Jumatatu, 4 Machi

Kiwandani leo mbio mbio. Kesho wageni wanakuja kuona mradi wa gesi ya haidrojeni, basi msimamizi kanituma stoo nikafute vumbi kwenye mabomba mapya ya stenlesi. Kasema kitambaa na maji tu. Maji tu! Mimi na usafi wangu huu? Nimetia ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, nikasugua rafu nzima ya chini. Ya juu nimeiacha, mgongo umekataa. Yanang'aa, unaweza kujipakia wanja. Sikuyasuuza – harufu ibaki, wageni wajue hapa kuna mwanamke.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, ndiye mtunza stoo. Kapita kaniambia kumbe mzigo wa kaka yake, yaani mie, una faida. Nimemrushia kitambaa.

Jumatano, 13 Machi

Kuna jambo! Dada Mpimaji – yule binti anayekagua mabomba na kimashine chake cha kunusa gesi – kakuta vidoa vya kutu. Stenlesi na kutu wapi na wapi? Bosi kang'aka, ati kauziwa feki.

Kantini nimewavunja mbavu. Nikasema muulizeni shemeji yangu, ana pikipiki mpya, labda mabomba ya kweli yameota magurudumu. Mpishi kacheka mpaka kakaa chini. Utani wa mashemeji tu, nani asiyeujua? Angekuwepo angenirudishia, tena kwa unene wangu.

Ijumaa, 15 Machi

Shemeji kasimamishwa kazi.

Mpishi kamwambia dereva, dereva kamfikishia bosi, na njiani kila mtu katia chumvi yake. Sasa wanasema kauza mabomba ya kweli kaweka feki, na hata shemeji yake anajua. Hata shemeji yake! Ndiyo mie huyo.

Mume wangu kauliza nani kamchongea mdogo wake. Nimesema walimwengu wabaya. Si uongo.

Jumatatu, 18 Machi

Nimempelekea Dada Mpimaji chai, nikamchokonoa kidogo. Kasema mabomba si feki. Kakata kipande kakipima, chuma ni kilekile walichochagua. Ati haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, inapenya hata pale maji yasipopita, na vyuma vingine vigumu inaviingia mpaka vinakatika kama biskuti. Ndiyo maana wakachagua hiki, kinaivumilia. Na kabla ya kuipitisha wanajaza kwanza gesi ile ya kwenye maputo, isiyoshika moto, kile kimashine kinanusa kama inavuja.

Basi kutu ya nini, nikamuuliza.

“Klorini, mama. Inakula stenlesi kimyakimya. Nje unaona kitone, ndani pana ufa.”

Chai imenimwagikia mkononi wala sikusikia moto.

Anadhani lori lilibeba dawa kabla ya mabomba. Kamwambia bosi, bosi hataki kusikia, kashashika la mwizi. Yenye madoa yametupwa. Lakini mengine ya rafu ya chini hayakuonyesha kitu, yameshachomelewa kwenye laini ya gesi! Binti anasema leo yanaweza kufaulu kipimo, ufa ukaja kuota baadaye, gesi ikiwa ndani. Na hajui yapi yaliguswa.

Mimi nayajua. Nimeyasugua moja moja nikiimba.

Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Jumanne, 19 Machi

Asubuhi Shemeji kaja nyumbani. Nilikuwa nafagia. Kasimama mlangoni, kofia mkononi.

“Shikamoo, shemeji.”

Tangu niolewe hajaniamkia hivyo. Siku zote ni mzigo wa kaka, pipa, tembo wa ukoo. Leo shikamoo. Nimeitikia marahaba, sauti siijui imetoka wapi. Bora angenitukana.

Kakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Hakuja kugomba! Kasema hajui nani kaanzisha, na hataki kujua, watoto shule wanaitwa watoto wa mwizi. Kisha:

“Wewe wanakusikiliza, shemeji. Ukisema neno kule linafika. Nisemee na mimi.”

Nimemwambia nitasema. Mume wangu kanishika bega, kanishukuru. Kanishukuru mie!

Nimefika kazini nikapanda moja kwa moja kwa bosi, ndoo bado mkononi. Dada Mpimaji yumo, wanabishana: bosi anataka gesi ipite leo mchana, kipimo cha asubuhi kimefaulu. Binti anaomba siku mbili. Bosi anamwambia alete sababu, si wasiwasi.

Nikasema, bosi, yale mabomba ya rafu ya chini. Kaniuliza yamefanyaje. Simu ikalia, kaniashiria nitoke ningoje.

Nipo kwenye benchi la koridoni, naandika magotini. Mpishi kapita, kainama sikioni, anataka kujua kuna nini. Nimemwambia hakuna. Hajaamini, kaenda zake – na jikoni nasikia wameshaanza, ati nimeitwa kuthibitisha wizi wa shemeji yangu.

Mlango umefunguka. Dada Mpimaji ananiita niingie, ananiuliza nimesema rafu gani. Naweka kalamu, naingia kumwambia: ya chini, niliyoisugua kwa klorini.