Mawe ya Chongoni Ndani ya Kioo

Diani,
Jumapili, 10 Mei 1998

Kwa Baba yangu Mzee Mbwana, Mkwiro.

Shikamoo Baba, na shikamoo Mama. Natumaini mguu wa Baba umepoa na kikohozi cha Mama kimeondoka pamoja na mvua. Mimi Nadhira wenu ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila roho haitulii. Adnan mdogo wangu, najua wewe ndiye utakayesoma. Soma polepole, na usimfupishie Baba kama unavyofanya ukiwa na hamu ya kukimbilia mpira.

Barua yenu niliipata Ijumaa. Adnan ameandika kwamba mwamba wetu wa Chongoni, pale Baba anapotega madema, ulikutwa Februari umebanduliwa kwa chuma, na kwamba sasa hata matumbawe yaliyobaki yamegeuka meupe kama chokaa na samaki wamehama. Watu wanasema ni Mwero, kwa kuwa ndiye mzamiaji wa Baba na hakuzaliwa kisiwani, na eti alimwaga dawa baada ya kubomoa. Baba amemtoa chomboni baada ya miaka tisa. Na Ijumaa hii inayokuja, baada ya sala, itasomwa halbadiri ili aliyefanya yamfike yatakayomfika. Nimeisoma barua hiyo mara nne, na kila nikiimaliza najikuta nimesimama bila kujua nilikuwa nakwenda wapi.

Nivumilieni niwaeleze habari za tangi, kwa maana bila hilo hamtanielewa.

Mnajua nilikuja kwa Bwana Mulinge na mkewe Mama Dianah kufua na kupiga pasi. Bwana ni Mkamba wa Machakos, mstaafu, mtu mwema ila akipenda kitu hasikii la mtu. Alikuwa ameona ng'ambo tangi la samaki wa baharini, akarudi nalo kichwani. Juni mwaka jana vikaletwa vioo kutoka Mombasa, likaunganishwa sebuleni tangi la kusimama, refu kuliko mimi. Wenye akili huweka la kulala. Nilicheka mpaka Mama Dianah akanikanya. Siku tatu tulichota maji kwa madumu wakati bahari imejaa, kisha Bwana akasema kitabu chake kinataka tungoje wiki sita maji yakomae kabla ya kutia samaki hata mmoja. Maji yakomae kama ndizi! Nilicheka tena.

Baba, hilo tangi lina taabu zake. Mkono haufiki chini, lazima upande ngazi ushike koleo la mti mrefu. Mwanga wa taa unachoka njiani, kwa hiyo vilivyo chini vinafifia na vilivyo juu vinaungua. Pampu ikinyamaza saa moja samaki wanapanda juu wakihema.

Zilipotokea fujo za Agosti, watu wa bara wakifukuzwa pwani, Bwana na Mama Dianah walikwenda kwao Machakos, nami nikaachiwa funguo, jenereta na tangi. Kila siku maji yalikuwa yakishuka kwa joto. Mimi mtoto wa kisiwani nikafanya ambalo kila mmoja wetu angefanya: maji ya bahari yamepungua, nikaongeza maji ya bahari. Kumbe kinachoondoka hewani ni maji matupu, chumvi yote inabaki, na mimi nilikuwa nikiwaongezea chumvi juu ya chumvi. Samaki wawili, vitatange, walikufa, mmoja nilimlilia kabisa. Ndipo nikakichunguza kipimo cha chumvi cha Bwana, kile cha kioo kinachoelea, nikaanza kuongeza maji ya mvua, kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Waliporudi Oktoba maji yalikuwa yanang'aa. Bwana alisimama mbele ya kioo hata mkoba hajauweka chini, akamwambia mkewe kwamba kuanzia siku ile tangi ni la Nadhira. Pasi akapewa binti mwingine, Rispah. Sijui kama mnaelewa nilivyojisikia. Maisha yangu yote nilikuwa sijaambiwa kwamba kitu ni changu kwa sababu nakiweza.

Kisha mwezi wa Januari Bwana akaanza kulalamika. Mawe tuliyookota ufukweni yalikuwa mafu, tangi lilionekana kama kisima, na wageni wake walikuwa wakitazama mara moja tu na kurudi kwenye chai. Akasema atamleta fundi wa Mombasa mwenye mawe hai, yenye matumbawe yanayoota, na fundi huyo atalishika tangi. Mimi ningerudi kwenye pasi.

Ngojeni kidogo, pampu imebadilisha sauti.

Nimerudi. Konokono alikuwa amenasa kwenye mdomo wa bomba. Siku hizi nainuka kwa kila kitu, hata ukimya unaniinua.

Sasa sikilizeni habari ya ule weupe. Tangu Machi bahari huku ina joto la maji ya kuogea mgonjwa. Nimekwenda mwambani hapa Diani maji yakitoka, nimekuta weupe ule ule mnaouona Chongoni, mwamba mzima, mahali ambapo Mwero hajawahi kutia mguu. Ndani ya tangi natia chupa za maji yaliyogandishwa zielee na kupoza, na mawe yangu yana rangi yake mpaka leo. Lakini mwezi uliopita umeme ulikatika kuanzia asubuhi hadi alasiri, jenereta haina mafuta, barafu imeyeyuka. Baada ya siku mbili jiwe la juu likaanza kupauka, na kufika wiki lilikuwa jeupe. Hakuna aliyeligusa wala kumwaga kitu. Ni joto, Baba. Matumbawe yakipata joto kupita kiasi yanatoa rangi yake. Waambieni wazee kwamba hakuna dawa iliyomwagwa.

Jana niliandika barua yenye habari hiyo peke yake. Nikaikunja vizuri, nikaandika na jina la Baba juu. Kisha nikaichana. Kwa sababu joto haliachi alama za mtaimbo.

Adnan, hapa usiruke wala usipunguze sauti.

Baba, aliyeubandua mwamba wa Chongoni ni mimi.

Mnakumbuka nilivyokuja Idd, na bamvua ile ilivyotoa maji hata mwamba wote ukawa nje. Nilisema nakwenda kuwatafutia wageni pweza. Nilirudi mikono mitupu, na Mama akanitania kwamba mkono wangu umesahau kazi. Mkono wangu haukusahau chochote. Ulikwenda moja kwa moja kwenye yale mashimo matatu aliyonionyesha bibi, ambayo wanawake wa nyumba yetu tu ndio wanaoyajua. Mama, ulinifundisha tangu sijafunga kilemba kwamba pweza anachokolewa kwa kijiti na mlango wake haubomolewi, maana mwingine atahamia. Niliubomoa. Niliyabomoa yote matatu, kwa sababu mawe ya mlangoni ndiyo yenye uhai mwingi. Sikusukumwa na njaa wala na Bwana, yeye nilimwambia nimeyapata yakiwa yameng'oka yenyewe. Nilitaka tangi libaki langu. Ndiyo sababu yote, sina nyingine nzuri zaidi ya kuwapa.

Mawe niliyatia kwenye madumu niliyoyakata vichwa, nikajaza maji, nikafunika kwa khanga na kuyaacha pwani. Kesho yake niliwaaga nikisema ni maji safi ya kisiwani ya tangi la Bwana. Baba ukanisifu kwa bidii yangu.

Mwero ndiye aliyeyabeba hadi mashuani. Dumu la kwanza alipolitia begani yale mawe yaligongana ndani. Alisimama. Akanitazama mimi, kisha akatazama kule Chongoni, kisha akaendelea kutembea, akarudi kuchukua la pili na la tatu. Aliponipa mkono wa kwaheri aliniambia tu nifunike vizuri, jua kali.

Kwa hiyo Mwero anajua, Baba. Anajua tangu Januari. Siku ulipomtoa chomboni alikuwa anajua, na siku watoto walipomwimbia njiani kumkejeli alikuwa anajua. Neno moja lingemrudishia heshima yake, na neno lenyewe lilikuwa jina la binti yako. Hakulisema. Ameona afadhali asomewe halbadiri kuliko kulitoa mbele yako.

Nimemwambia Bwana Mulinge leo, kabla ya kuandika. Alisema tangi atalishika yeye mpaka apate mtu. Mawe nimeyaacha humo, maana nikiyarudisha sasa kwenye bahari hii ya moto yatakufa kwa wiki moja, na sitaki kuyaua mara ya pili.

Nitafika Alhamisi. Naomba siku hiyo hiyo Mwero aitwe nyumbani, aketi mahali pake pa kula, na barua hii isomwe tena mbele yake. Na kama wazee wataona halbadiri lazima isomwe, sitaki isomwe nikiwa mbali kama mwizi asiyejulikana. Isomwe mimi nimeketi katikati, uso wazi, jina langu likitajwa. Nawe Baba, ukiweza kuitikia amina, itikia.

Barua hii nampa Shutu muuza vitunguu, anayekwenda Shimoni kesho. Nibusieni mikono ya Mama. Wasalimuni majirani wa kulia na kushoto, wanaotaka salamu zangu na wasiozitaka. Lakini za kwanza ni za Mwero, na Baba azipeleke mwenyewe, kwa mguu wake, hadi mlangoni kwake.

Mimi binti yenu,
Nadhira Mbwana