Samaki wa Bwana Kidevu

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Leo nimeitwa! Mimi, si mwingine. Bwana Kidevu, mkubwa wa kambi ya wafungwa, ameletewa sanduku la kioo refu kama jeneza, la kufugia samaki sebuleni. Visamaki vyekundu, hata paka hashibi. Anataka maji yazunguke: yakijaa yamwagike kwa pipa lililo nje chini ya dirisha, halafu pampu iyarudishe juu. Nikamwambia kule Bama, vita vya Mjapani, nilipandisha maji mlimani, askari elfu mbili wakanywa, na simba wa mistari ananitazama. Akacheka. Kazi nimepata.

Wa kunichimbia mtaro ametolewa kambini. Kumbe ni Njuki — mume wa dada yangu Kaari! Miezi kumi na moja ndani. Anaachiliwa Ijumaa, karatasi imeshatiwa sahihi. Nikajifanya simjui.

Jumanne, 7 Septemba

Injini ya umeme ikawashwa, pampu ikavuma, maji yakapanda! Mwirigi mpishi alisahau kufunga mdomo. Lakini memsaab, mke wa Bwana, akatoka ameziba masikio. Ati, "Kelele mingi sana, kama ng'ombe nakojoa." Basi nikaongeza paipu ya kurudisha maji, ishuke ndani ya sanduku mpaka chini kabisa, kwenye mchanga. Kimya! Hiyo ndiyo akili.

Njuki, koleo mkononi: "Shemeji, injini ikizimwa maji yatarudi kwa paipu hiyo hiyo. Toboa tundu dogo pale juu, livute hewa."

Nikamuuliza alisomea wapi, ndani ya mtaro? Ati reli, miaka sita. Mwirigi akacheka — alikuwa anamcheka nani, sijui. Nikamwambia askari anayemlinda: huyu hataki kazi. Akapigwa kitako cha bunduki mgongoni. Mara mbili tu. Hakuniita shemeji tena.

Jumatano, 8 Septemba

Kaari amekuja kuazima koti langu, Njuki avae akitoka. Anaimba. Watoto wake wakaniuliza, "Mjomba, baba ni mrefu kama wewe?" Nikasema hakuna mrefu kama mimi.

Alhamisi, 9 Septemba

Bwana na memsaab walienda Meru asubuhi, injini ikazimwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Saa kumi wakarudi. Sanduku tupu! Maji yote yamerudi kwa pipa, yakafurika, bustani ni tope. Samaki kumi na tisa juu ya mchanga, midomo wazi. Memsaab analia kama kafiwa.

Bwana hakupiga kelele. Aliuliza tu: nani? Mkono wangu ukanyooka wenyewe. Nikasema yule mfungwa, aligusa paipu, nilimwona. Si ni Mau Mau? Askari wakamchukua.

Na mimi nina watu wa kulisha.

Ijumaa, 10 Septemba

Kaari alisimama kwa geti ya kambi tangu saa moja. Wakatoka watu wanne. Njuki hayumo. Akaja kwangu, akauliza kama nimesikia lolote. Nikasema sijasikia.

Jumatatu, 13 Septemba

Samaki wengine wamefika kutoka Nairobi, ndani ya debe. Bwana anataka paipu ikae sawa leo leo. Nikafungua, nikafunga — injini ikizimwa, maji yanarudi! Mara tatu. Mwirigi, mbwa yule, akamwambia Bwana kuna mfungwa wa reli anajua.

Wakamleta. Mkono wa kulia umevimba, vidole kama ndizi, havikunjiki. Kushika drili hawezi. Akasema polepole, "Shika wewe. Nitakuonyesha." Nikashika. Tundu la msumari tu kwenye paipu, upana wa kidole kimoja chini ya uso wa maji. Injini ikazimwa. Maji yakashuka kidole hicho kimoja, yakasimama.

Bwana akatazama lile tundu. Halafu akamuuliza Njuki: kama wewe ulijua hivi, nani alifunga paipu ya kwanza bila tundu?

Njuki akanitazama. Nikaomba ruhusa niende choo. Ndiko naandikia, daftari liko gotini. Askari anagonga mlango, ati Bwana anangoja. Dirisha ni dogo, bega halipiti, nimejaribu.

Sasa namsikia Njuki. Ameanza kusema. Sauti ni ndogo, siyapati maneno —